Mfinyanzi Hulia Gaeni: Vyungu vya Matojo vya Bonde la Wami na Wajibu wa Wanaisimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vitu ambavyo mwanadamu hutengeneza kwa mikono yake, ni vichache vinavyovunjika kwa urahisi kama chungu, na ni vichache vinavyodumu kama kigae chake. Mti huoza, ngozi huliwa na wadudu, chuma hushikwa na kutu. Lakini udongo uliokwisha kuchomwa hukaa ardhini kwa maelfu ya miaka bila kubadilika sana. Ndiyo maana wanaakiolojia, wa Ugiriki kwa wa Afrika Mashariki, wamezoea kuisoma historia ya watu wasioacha maandishi kwa kutazama umbo la mdomo wa chungu, unene wa ukuta wake na michoro iliyotiwa begani mwake.

Makala haya yanajadili suala ambalo limeachwa kando katika usomaji huo, nalo ni suala la maneno. Msimamo unaotetewa ni kwamba msamiati wa mfinyanzi, yaani majina anayovipa vyombo, sehemu za chombo, hatua za kazi na kila aina ya mchoro, ni ushahidi wa historia kama kilivyo kigae chenyewe. Kwamba ushahidi huo unatoweka kwa kasi zaidi kuliko kigae. Na kwamba wajibu wa kuuokoa ni wa idara za Kiswahili na isimu kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote. Mfano utakaotumika ni wa Bonde la Wami katika Mkoa wa Morogoro, hususan eneo la Dumila na Dakawa. Lakini ili uzito wa jambo lenyewe uonekane, inafaa kuanza mbali, katika kisiwa cha Krete, ambako vyombo vilibaki na lugha ikapotea.

2.0 Krete: Vyombo Bila Lugha

Mwezi Machi 1900 Arthur Evans alianza kuchimbua magofu ya Knossos. Ustaarabu alioufukua aliuita wa Waminoa, kwa jina la Minos, mfalme wa hekaya za Kigiriki. Wenyewe walijiita nani, haijulikani. Kwa kukosa nyaraka zinazosomeka, Evans aliigawa historia yao katika vipindi vitatu vikuu, yaani cha Awali, cha Kati na cha Mwisho, na nguzo kubwa ya mgawanyo huo ilikuwa ufinyanzi. Vyombo vya Kamares, vilivyopewa jina la pango la Mlima Ida ambamo vilipatikana mwishoni mwa karne ya 19, vina michoro myeupe, myekundu na ya rangi ya machungwa juu ya uso mweusi. Vingine vina ukuta mwembamba mithili ya ganda la yai. Vigae vya aina hiyo vimepatikana hata Misri, jambo linalothibitisha biashara ya baharini ya karibu miaka 4,000 iliyopita. Baadaye, kuelekea mwaka 1500 K.K., wachoraji wa Krete walivijaza vyombo vyao pweza, mwani na makome, na leo hakuna kitabu cha historia ya sanaa ya Ulaya kinachokosa picha ya vyombo hivyo.

Hata hivyo, mwanaisimu akiuliza swali dogo tu, kwamba mfinyanzi wa Krete alikiitaje chombo alichokuwa anakipamba, taaluma nzima hubabaika. Waminoa walikuwa na hati yao, ambayo Evans aliiita Linear A, na hati hiyo haijafumbuliwa mpaka leo. Katika kibao kimoja cha udongo kilichopatikana Hagia Triada, ambacho wataalamu hukitambua kwa alama HT 31, mwandishi wa kale alichora vyombo kadhaa na juu ya picha akaandika majina yake. Kwa kuazima thamani za sauti kutoka katika hati ya baadaye, majina hayo yanaweza kutamkwa: su-pu, ka-ro-pa na mengine machache. Yanaweza kutamkwa, lakini hayana ukoo. Hakuna kitenzi cha kuyahusisha nayo, hakuna ngeli ya kuyapanga, hakuna sentensi ya kuyaweka ndani yake. Ni vigae vya lugha.

Hali ni tofauti kwa hati iliyofuata, Linear B, ambayo Michael Ventris aliifumbua mwaka 1952 akaonyesha kuwa lugha yake ni Kigiriki cha kale. Uthibitisho uliowashawishi wengi ulitoka katika orodha ya vyombo. Kibao kimoja cha Pylos, katika Ugiriki bara, kinataja vyombo vya miguu mitatu na kuvieleza kuwa ni kazi ya Krete. Kando ya neno ti-ri-po-de ipo picha ya chombo chenye miguu mitatu. Kinaendelea kutaja vyombo vyenye vishikio vinne, vitatu au visivyo na kishikio, na kila mara neno linalotumika kwa kishikio ni neno lenye maana ya sikio. Kwa ushahidi huo wa neno na picha kukaa pamoja, mabishano mengi yalikoma.

Funzo la Krete liko wazi. Wataalamu wa mambo ya kale ya huko wangetoa mali nyingi ili wapate dakika chache za mazungumzo na mfinyanzi mmoja wa Knossos. Fursa hiyo wao hawatakuwa nayo kamwe. Wasomi wa Afrika Mashariki wanayo, na wanaiacha ipite.

3.0 Dakawa na Dumila: Vyungu kwa Majina ya Kupachikwa

Dumila ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, ulio katika barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, mahali inapochepuka barabara iendayo Kilosa mjini. Upande wa magharibi na kaskazini imesimama milima ya Ukaguru. Upande wa mashariki mbuga zinashuka kuelekea Dakawa, ambako Mto Wami unavuka barabara hiyo hiyo ukiwa njiani kwenda Bahari ya Hindi. Msafiri wa leo huijua Dumila kwa soko lake la mazao. Msomi wa mambo ya kale huijua Dakawa, jirani yake, kwa sababu nyingine.

Katika miaka ya 1990 Randi Haaland na Caleb Msuya walifanya uchimbuzi Dakawa, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Azania, makala kuu ikitoka mwaka 2000. Walipata mabaki ya kazi ya chuma pamoja na vigae vya vyungu vilivyopambwa, vya milenia ya kwanza Baada ya Kristo. Sehemu ya vigae hivyo inafanana na vile vinavyopatikana katika miji ya awali ya pwani: vyungu vyenye shingo, vilivyochanjwa mistari chini ya mdomo, mistari hiyo ikiunda safu ya pembetatu zilizojazwa vichanjo vya mshazari. Vyungu vya namna hii, ambavyo kwa jumla huwekwa kati ya karne ya 6 na ya 10, vimeonekana kuanzia pwani ya kaskazini ya Kenya hadi Msumbiji, na hata katika visiwa vya Komoro. Kwamba vimo pia Dakawa, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, ni jambo lenye uzito mkubwa katika mjadala wa chimbuko la Waswahili.

Tazama basi jinsi vyungu hivyo vilivyobatizwa. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na Manda, aliviita vyombo vya awali vya jikoni. Katika uchimbuzi huo huo vyombo vilivyotoka Uajemi na China viliainishwa kwa asili yao, kwa rangi ya vioo vyao na kwa nasaba za wafalme wa huko, na ndivyo vilivyotumika kupangia tarehe. Chombo cha mgeni kikawa kalenda. Chombo cha mwenyeji kikawa cha jikoni. Mark Horton, aliyechimbua Shanga, pamoja na George Abungu, walitumia jina la mapokeo ya Tana, kwa kufuata mto wa Kenya. Felix Chami, katika tasnifu yake iliyochapishwa Uppsala mwaka 1994, alichagua jina linalotokana na mchoro wenyewe, yaani pembetatu za kuchanjwa. Nyuma ya majina hayo ulikuwapo mgogoro halisi: Horton aliwahi kuyahusisha mapokeo hayo na wafugaji wa kaskazini wenye asili ya Kikushi, ilhali Chami alishikilia kuwa ni uzao wa vyungu vya wakulima wa Enzi ya Awali ya Chuma, vile vilivyopewa jina la Kwale. Kwa hiyo jina la chungu halikuwa lebo tu. Lilikuwa dai kuhusu ni nani aliyeijenga pwani.

Hakuna ubaya kuviita vyombo kwa jina la mahali vilipoonekana kwanza. Kamares ni pango, Kwale ni kaunti, Urewe ni kijiji. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba katika miongo yote hiyo ya mabishano hapakutokea istilahi za Kiswahili za kuzungumzia vyungu hivyo, ingawa mabishano yanahusu asili ya wenye Kiswahili. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuandika kwa Kiswahili kuhusu vigae vya Dakawa hulazimika kutafsiri jargoni ya Kiingereza neno kwa neno, na aghalabu matokeo yake hayaeleweki kwa mtu aliyewahi kufinyanga. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wenye lugha ya udongo wanapakuliwa historia yao katika kigae cha kuazima.

4.0 Chungu si Kabila

Kabla ya kupendekeza tiba, hapana budi kuonya dhidi ya kosa ambalo wanaisimu wenyewe wamewahi kulichochea, nalo ni kudhani kwamba aina moja ya chungu ni lugha moja na lugha moja ni taifa moja. Bonde la Wami ni kipimo kizuri cha dhana hiyo.

Kwa mujibu wa uainishaji wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch (1993), Kiswahili kimo katika kundi la Kisabaki pamoja na Kikomoro, Kipokomo, Kimijikenda na vingine. Lugha za eneo la Dumila hazimo katika kundi hilo. Kikaguru na Kisagara ni vya kundi la Ruvu, pamoja na Kiluguru, Kizaramo, Kikwere na Kigogo; Kinguu, kilicho kaskazini yake, ni cha kundi la Seuta pamoja na Kizigua na Kisambaa. Makundi haya ni ndugu, kwa kuwa yote yamo katika tawi la Kibantu cha Pwani ya Kaskazini Mashariki, lakini undugu huo si umoja. Sasa ikiwa vyungu vya Shanga, katika eneo la Kisabaki, vinafanana na vyungu vya Dakawa, katika eneo ambalo leo ni la Ruvu na Seuta, mtafiti ana njia kadhaa za kufikiri. Huenda vyungu hivyo vilianza kabla lugha hizo hazijaachana sana. Huenda mtindo ulisafiri kupitia biashara ya chumvi, chuma na nafaka, huku kila mtu akibaki na lugha yake. Huenda pia wafinyanzi wenyewe ndio waliohama.

Njia hii ya tatu haijapewa nafasi inayostahili. Katika Ukaguru, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Aidha, Wakaguru, Wasagara, Waluguru, Wanguu na Wazigua huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ikiwa hali ilikuwa hivyo hata zamani, basi ramani ya michoro ya vyungu inaweza kuwa ramani ya akina mama na mabinti zao, wala si ramani ya wafalme, majeshi au misafara ya wafanyabiashara, ambayo ndiyo historia iliyozoea kuandikwa. Hii ni dhana tu, na vigae peke yake haviwezi kuithibitisha wala kuikanusha, kwa maana kigae hakisemi kilifinyangwa na nani. Maneno yanaweza kusaidia. Istilahi za ufinyanzi zikifanana kati ya Kikaguru, Kizigua na Kiswahili kwa kufuata kanuni za kawaida za ulinganifu wa sauti, hiyo ni dalili ya urithi wa pamoja. Zikifanana kwa kukiuka kanuni hizo, hiyo ni dalili ya ukopaji. Na zisipofanana kabisa ilhali vyombo vinafanana, basi mtindo ulipita bila maneno kupita. Kila moja ya hali hizo tatu ni historia tofauti.

5.0 Msamiati wa Udongo

Kwamba njia hii ina matunda imekwisha kuonyeshwa. Koen Bostoen (2005) alikusanya msamiati wa ufinyanzi kutoka lugha nyingi za Kibantu na kuonyesha jinsi maneno yanavyoweza kufuatwa hadi nyakati ambazo hazina kigae kilichopewa tarehe. Kwa eneo linalojadiliwa hapa, Rhonda Gonzales (2009) aliandika historia ya jamii za Ruvu akitegemea kwa kiasi kikubwa ushahidi wa lugha. Kinachosikitisha ni kwamba kazi hizo zimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na kwamba idara za Kiswahili zimezipokea kama habari za ugenini.

Mifano miwili inatosha kuonyesha utajiri uliopo. Wa kwanza ni kitenzi ambacho wanaisimu hukiunda upya kuwa *-bumb- katika Kibantu cha awali, kwa maana ya kufinyanga udongo. Katika Kiganda kubumba, katika Kinyarwanda kubumba na katika Kibemba ukubumba, maana hiyo ya udongo ingali hai. Katika Kiswahili sauti b ya mwanzo ilidondoka, tukabaki na kuumba, na maana ikapanda: Mungu ndiye Muumba, mwanadamu ni kiumbe, kila kitu kina umbo lake na maumbile yake. Kazi ya mikono ya mwanamke mwenye tope hadi viwikoni ikawa jina la kazi ya Mwenyezi. Kwa kazi yenyewe ya udongo Kiswahili kikategemea kitenzi kingine, kufinyanga. Theolojia nzima ya Waswahili, ya Waislamu na ya Wakristo, inatamkwa kwa istilahi ya mfinyanzi, lakini ni nadra kupata kozi ya mofolojia ya Kiswahili inayolitaja jambo hilo.

Mfano wa pili ni mzizi -ungu. Katika ngeli ya KI/VI hutupa chungu na vyungu. Katika ngeli ya N hutupa nyungu. Katika ngeli ya JI/MA hutupa jungu na majungu. Chombo kimoja, ngeli tatu, na kila ngeli imeteka sehemu yake ya maisha: chungu cha kupikia, nyungu ya kujifukizia dawa, jungu kuu lisilokosa ukoko. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, neno nyungu lilitoka ghafla katika vinywa vya wazee likaingia redioni na magazetini, watu wakawa wanapiga nyungu hata pale ambapo chombo kilichotokota mekoni kilikuwa sufuria ya alumini. Neno lilikiacha chombo chake likaenda kuishi peke yake. Lugha hufanya hivyo mara kwa mara. Lakini ni lazima awepo mtu wa kuandika kwamba lilitoka wapi.

Majina ya vyombo, angalau, yamo katika kamusi. Tangu Sacleux na Johnson mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zilizofuata, msomaji hukutana na mtungi, kikaango, kibia, mkungu, waya, kuzi, kasiki, balasi na chetezo. Kinachokosekana ni lugha ya kazi. Je, udongo unaofaa huitwaje kabla ya kuchanganywa na mchanga, na huitwaje baada yake? Kamba ya udongo inayozungushwa ili kuinua ukuta ina jina gani? Kifaa cha kukwangulia, kokoto ya kulainishia, hali ya chombo kilichonyauka lakini hakijakauka, ufa unaotokea kwa moto mkali na ule unaotokea kwa upepo: yote haya yana majina vinywani mwa wafinyanzi, na karibu yote hayamo katika vitabu.

Lugha ya michoro ni suala zito zaidi. Katika maandishi ya Kiswahili michoro ya vyungu huitwa nakshi, neno zuri lenye asili ya Kiarabu, linalofaa sana kwa milango ya Unguja na Lamu. Lakini mchoro wa chungu cha Dakawa haukuchongwa katika mti. Ulichanjwa katika ngozi ya udongo mbichi. Kiswahili kina maneno ya kitendo hicho: kuchanja, kutoja, chale, tojo na nembo. Yote hutumika, au yalitumika, kwa mwili wa binadamu. Na mwili ndio unaokipa chungu sehemu zake: kina mdomo, kina shingo, kina bega, kina tumbo, kina kitako, na sufuria ina masikio kama vile vyombo vya kibao cha Pylos. Ikiwa chungu ni mwili, basi pembetatu zilizo begani mwake ni matojo, na istilahi vyungu vya matojo, iliyotumika katika anwani ya makala haya, inasema kwa maneno matatu jambo ambalo Kiingereza hakilisemi. Hata hivyo istilahi hiyo ni pendekezo la mezani. Mwamuzi wake ni mfinyanzi. Akiwa katika Ukaguru mfinyanzi hutumia kitenzi kimoja kwa kuchanja chungu na kuchanja mwili, pendekezo litakuwa limepata mizizi. Akitumia vitenzi viwili, hilo nalo litakuwa jambo la kufikiriwa upya.

6.0 Hoja za Upinzani

Inaweza kudaiwa kwamba kazi hii imekwisha kufanywa. Ni kweli kwamba Kikaguru si lugha iliyosahaulika. J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi yake mwaka 1886, na Malin Petzell alitoa sarufi pana zaidi yenye matini na msamiati mwaka 2008. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa misamiati ya lugha mbalimbali na mwaka 2009 ukatoa atlasi. Kazi hizo zinastahili heshima kubwa. Lakini orodha ya jumla ya maneno imeundwa kwa kusudi jingine: huuliza neno la chungu, ikalipata, ikaenda kwenye neno linalofuata. Msamiati wa fani haukusanywi kwa orodha. Hukusanywa kwa kukaa karibu na kazi tangu udongo unapochimbwa hadi chombo kinapotolewa motoni.

Inaweza pia kudaiwa kwamba maneno ya leo hayawezi kumsemea mfinyanzi aliyeishi miaka 1,300 iliyopita. Hoja hii ni ya kweli na lazima ikubaliwe. Mfinyanzi wa leo akiupa mchoro wa pembetatu jina fulani, jina hilo halithibitishi kwamba ndivyo mchoro ulivyofahamika Dakawa katika karne ya 7. Anayerukia hitimisho la namna hiyo anaharibu kazi. Lakini ndiyo sababu ulinganishaji upo. Neno moja la kijiji kimoja halithibitishi kitu. Neno hilo hilo likionekana katika lugha kumi zenye ulinganifu wa sauti, linakuwa shahidi. Na ili ziwepo lugha kumi za kulinganisha, ni lazima kwanza yakusanywe maneno ya kijiji kimoja kimoja.

Hoja ya tatu ni kwamba ufinyanzi si shughuli ya idara za Kiswahili. Vigae ni vya wanaakiolojia, Kikaguru ni cha wanaisimu wa lugha za makabila, na Kiswahili kina fasihi na sarufi yake. Huu ni mgawanyo wa vyumba vya ofisi, si mgawanyo wa elimu. Wakati Kiswahili kilipohitaji istilahi za kisasa, kilichota kitivo na ngeli kutoka lugha za Kibantu za Tanzania, na leo hakuna mhadhiri anayeona ugeni katika maneno hayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Katika miaka yote iliyopita tangu hapo, ukuta kati ya chumba cha vigae na chumba cha maneno umebaki palepale.

7.0 Hitimisho

Muda uliobaki si mwingi. Katika soko la Dumila, kama katika masoko mengine ya Tanzania, ndoo za plastiki na sufuria ndizo zinazotawala. Mji wenyewe ni wa njia panda. Unakutanisha watu wa makabila mengi, na lugha ya kuwaunganisha ni Kiswahili, jambo ambalo hakuna haja ya kulisikitikia. Lakini binti wa mfinyanzi anayekulia hapo hupoteza mambo mawili kwa pamoja: hafinyangi, na hana lugha ya kufinyangia. Kiswahili anachokipata badala yake hakina maneno hayo, si kwa sababu hakiwezi kuwa nayo, bali kwa sababu waliokabidhiwa kukikuza hawakwenda kuyaomba.

Mapendekezo ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila idara ya Kiswahili ipokee tasnifu za uzamili zinazohusu msamiati wa fani za jadi, na ianze na ufinyanzi: mwanafunzi mmoja, kijiji kimoja, mfinyanzi anayetajwa na kuheshimiwa kama mwalimu, kwa ridhaa yake. Ukaguru na Unguu ziwe miongoni mwa sehemu za mwanzo, pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi wangali wanafinyanga kwa ajili ya masoko. Pili, kila neno liandikwe pamoja na picha ya kitu chake na kitendo chake, kwani ni kukaa pamoja kwa neno na picha kulikofungua hati ya Pylos, na ni kukosekana kwa lugha nyuma ya majina kulikokifunga kibao cha Hagia Triada. Tatu, wanaisimu na wanaakiolojia wakae pamoja na kutunga istilahi za Kiswahili za kueleza vigae, na istilahi hizo zipimwe kwa wafinyanzi kabla ya kupelekwa kwenye vyombo vya usanifishaji.

Vigae vya Dakawa vitasubiri. Vimesubiri kwa zaidi ya miaka elfu moja na vinaweza kusubiri elfu nyingine. Mfinyanzi mwenye umri wa miaka 80 hawezi. Wahenga walionya kwamba udongo uwahi ungali maji, na hapana shaka kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyejua ufinyanzi.